Kengele Atafungwa Kizazi Lini?

6 Januari 1988

Baba yangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hapa tuko wazima kwa kadiri ya uzima wa watu wa umri wangu: miguu inakubali, macho yanaingiza uzi kwenye sindano mara ya pili au ya tatu, masikio ndiyo yameniaga moja kwa moja. Baba yako mdogo ana jino bovu. Shavu limevimba utadhani ameficha kitunguu. Nikimwambia akaling'oe ananiandikia kuwa bado analifikiria. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anafikiria jino.

Kengele anakusalimu. Tangu nimwokote yule mtoto wa mbwa nyuma ya kibanda cha viatu, kazi yangu imenyooka. Mteja akibisha mimi sisikii lolote. Yeye huja akauma pindo la gauni langu akanivuta mpaka mlangoni. Zamani watu walibisha wakachoka wakaondoka wakisema fundi ana maringo. Sasa wanasema fundi ana mbwa mwenye akili kumshinda, na mimi sikatai.

Neno lililonikalisha ni hili. Juzi bwana mifugo alikuja kuchukua suruali zake. Unajua wateja huzungumza nami kwa kuandika na chaki yangu juu ya meza ya kukatia. Akamtazama Kengele, akaandika: "Jike? Miezi mingapi?" Nikamwambia huu ni wa saba. Akaandika: "Mfunge kizazi mapema. Jumamosi nina nafasi." Nikamjibu mbele ya watu: "Asante bwana, lakini nyumba hii ina daktari wake." Watu wakacheka, naye akafuta maandishi yake kwa kiganja, akabeba suruali zake akaenda. Huenda nilimkosea, lakini mikono yake ni ya ng'ombe, na mimi nimemsomesha daktari wangu mwenyewe.

Simwonei Kengele wivu wa watoto. Ila akizaa sita nitawaweka wapi katika chumba hiki, kati ya cherehani na kitanda? Na akiwa ananyonyesha, nani atanisikilizia mlango? Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyesomea: afungwe lini? Nipe mwezi, nikae nikijua. Nataka mikono yako, si ya mtu mwingine.

Shangazi yako

*

1 Februari 1988

Shangazi,

Shikamoo sana. Barua yako imenifikia juzi. Ilitembea wiki tatu kama mtu asiye na haraka. Mimi ni mzima. Bado nakaa kile chumba cha juu ya fundi baiskeli, naamshwa na nyundo zake kila siku kabla saa haijalia. Kazini tuna mbwa wengi tangu mvua ianze. Leo peke yake wamepasuliwa watatu. Mwambie baba mdogo jino halifikiriwi.

Kuhusu Kengele, suala hili lina pande mbili. Wapo wanaosema jike afungwe kabla ya joto la kwanza, maana humkinga na maradhi mengi huko mbele. Wapo wanaosema aachwe joto moja lipite ili mwili ukomae. Hapa kwetu huangaliwa mbwa mwenyewe, ukubwa wake na afya yake, ndipo inapoamuliwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia.

Bwana mifugo ni mtu wa chanjo na ng'ombe, kama ulivyosema. Mwache na ng'ombe wake. Mwezi wa nne nina likizo. Nikija, tutalimaliza jambo hili.

Tafadhali, shangazi, usinitangaze sana kwa wateja.

Mwanao

*

12 Machi 1988

Baba yangu,

Barua yako ilikaa siku tano ndani ya kopo la vifungo. Usinune. Nilikuwa na suti ya watu mezani, na sheria yangu unaijua: nguo ya mtu ikiwa mezani, barua haifunguliwi. Tangu siku ile nilipofungua barua ya msiba wa baba yako huku nikiwa na gauni la bi harusi chini ya mkasi, nikalikata bega, sijarudia. Bi harusi yule hanisalimii hadi leo.

Usinitangaze! Nisipokutangaza wewe nimtangaze nani, baba yako mdogo na shavu lake?

Sasa sikia yaliyotupata. Wiki tatu zilizopita niliona matone ya damu sakafuni nikadhani Kengele amekanyaga sindano. Nikamgeuza miguu yote minne, hakuna kitu. Kumbe ndilo hilo joto. Kesho yake kulikuwa na mbwa mmoja mlangoni, jioni wanne, siku ya tatu nikaacha kuhesabu. Walikaa nje kama wagonjwa wanaosubiri namba zao. Wateja wakaogopa kupita. Mama Mikate wa jirani aliwamwagia maji, wakajikung'uta wakakaa tena pale pale.

Nikafanya ninachokijua. Nilimpima Kengele kiuno kwa utepe, nikamshonea chupi ya kaki kutoka mabaki ya kaptura za shule, yenye vifungo viwili na tundu la mkia. Mama Mikate alicheka mpaka akakaa chini. Lakini chupi ilifanya kazi, na usiniulize nililalaje siku hizo kumi na nane, kiti kimeegemezwa mlangoni, sijui hata kama walikuwa wanabweka.

Nilikutana na bwana mifugo njiani. Sikumuuliza mimi, alitoa daftari lake mwenyewe akaandika kwamba kwenye joto hakatwi, asubiri miezi miwili au mitatu. Nikamwambia daktari wangu anakuja mwezi wa nne. Akaitikia kwa kichwa. Je, mwezi wa nne utafaa, au ni mapema? Umeandika "tutalimaliza", hukuandika lini wala vipi. Niambie nitayarishe nini. Meza nimeshaisugua.

Shangazi yako

*

3 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Najua umeshaelewa kuwa sikuja. Daktari mkuu alininyima likizo. Wenzetu wawili wameacha kazi na mbwa hawajui kuwa watu wameondoka, wanazidi kuletwa. Nilicheka sana kwa ile chupi. Niliwasimulia wote kazini, na daktari mkuu akasema anamheshimu fundi aliyeishona.

Kengele asubiri. Hili la kusubiri lina maana yake, maana sasa ni katikati ya joto hili na lijalo, na kwa muda huu hakuna hatari. Nitajitahidi mwezi wa saba. Kama hatazaa hana tatizo.

Nilianza kukuandikia jambo jingine hapa nikachana karatasi. Si la barua. Tutaongea nikija.

Baba mdogo ameling'oa?

Mwanao

*

9 Oktoba 1988

Baba yangu,

Marahaba. Mwezi wa saba nao umepita, ukaniletea kadi ya picha ya maua. Ni maua mazuri. Nimeyabandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja akiniuliza daktari wako anakuja lini, naonyesha maua.

Baba yako mdogo ameng'olewa jino hatimaye. Alishikwa na watu wawili, na nasikia, yaani nimeandikiwa, kwamba kelele zake zilifika sokoni. Sasa anakula mfupa na kutushauri sote twende kwa daktari wa meno. Mama Mikate anakusalimu. Mimi nimeingia kwenye sare: shule imeniletea blauzi arobaini na mbili, zote zitoke kabla ya mwezi kwisha. Nimelala chini ya vitambaa vya bluu.

Joto la pili la Kengele lilikuja mwisho wa mwezi wa nane, tukavaa tena chupi, likapita. Hakupandwa, nilihakikisha. Ila tangu wiki iliyopita amepungua. Anakunywa maji kupita kiasi. Ndoo yangu ya kunyunyizia nguo za pasi naijaza asubuhi na mchana iko tupu. Chakula ananusa akaondoka. Anajiramba sana nyuma, na pale anapolala huacha unyevu mzito kama maziwa yaliyoharibika, una harufu. Nadhani ni hili jua. Bado ananivuta pindo mteja akija, ila siku hizi huvuta mara moja kisha hulala.

Ningempeleka kwa bwana mifugo amtazame, lakini nilishamwambia maneno yale mbele ya watu, na wewe uliandika nimwache na ng'ombe wake. Nikienda leo nitakwenda na uso gani?

Nakuuliza tena kwa adabu, kama mteja anayefuatilia nguo yake: afungwe lini?

Shangazi yako

*

TELEGRAMU, 24 Oktoba 1988

MPELEKE KENGELE KWA BWANA MIFUGO LEO HII. USINISUBIRI. USISUBIRI BARUA.

*

24 Oktoba 1988

Shangazi,

Shikamoo. Siulizi habari za nyumbani leo. Barua yako ya tarehe tisa nimeipata saa nne hii ya asubuhi, nimeisomea getini nikiwa na ndoo mkononi. Nimetoka kukupigia telegramu. Hii naiandika posta, nimesimama, ingawa najua itachelewa.

Kengele ana usaha kwenye kizazi. Kunywa maji, kuacha chakula, uchafu nyuma, wiki chache baada ya joto: ni huo. Jike aliyefungwa kizazi haupati, kwa sababu hana kizazi cha kuoza. Dawa yake ni kupasuliwa mara moja na kutolewa kizazi chote. Bwana mifugo anaweza. Mtu anayempasua ng'ombe amesimama anaweza kumpasua mbwa aliyelala.

Nikwambie ninavyojua haya. Sikuyajua kwa kusoma. Nilianguka mtihani wa mwaka wa pili, miaka mitatu iliyopita, wakanitoa. Daktari mkuu alinihurumia akanipa kazi. Naosha vizimba, nachemsha vyombo vya upasuaji, na mbwa akilazwa mezani mimi ndiye ninayeshika miguu. Nimeshika miguu ya majike kumi na zaidi wenye ugonjwa huu. Waliowahishwa wengi walirudi nyumbani. Hata anayefagia hapa anaujua. Mimi ndiye ninayefagia.

Mwezi wa nne sikunyimwa likizo. Nilifika stendi ya mabasi na begi langu. Nikafikiria ile meza uliyoisugua, nikarudi chumbani.

Nilipokuambia umwache bwana mifugo na ng'ombe wake, haikuwa kwa ajili ya Kengele. Niliogopa angekuuliza mwanao alimaliza chuo mwaka gani. Na nilipoandika hakuna hatari, sikuwa na haki ya kuandika hivyo; nilikuwa nataka tu mwezi mwingine.

Ninachoshindwa kukivumilia ni kwamba najua mwezi huu ni wa sare. Najua blauzi arobaini na mbili, najua kopo la vifungo. Nimekulia chini ya meza hiyo, najua hata kwamba sheria yako huivunji. Posta wameniambia telegramu itakuwa kwako kesho. Kesho Kengele bado anaweza kupona, na mimi niko hapa nakuandikia karatasi utakayoisoma baada ya wiki mbili. Sina kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Basi la huko ni Ijumaa. Sijui kama nitapanda.

Mwanao

*

21 Novemba 1988

Baba yangu,

Marahaba. Hukuuliza habari za nyumbani lakini nitakupa, maana ndivyo barua inavyoanza. Baba yako mdogo ni mzima. Blauzi zote zilitoka, hakuna iliyorudishwa. Mama Mikate amejijengea jiko jipya, anaoka mara mbili kwa siku.

Kengele amekufa. Alikufa Jumamosi, tarehe ishirini na tisa ya mwezi uliopita, juu ya meza yangu ya kukatia.

Nilimkuta bwana mifugo kwake anakula. Hakunikumbusha neno hata moja. Aliacha sahani, akachukua baiskeli na mkoba, akanipita njiani; nilipofika alikuwa ameshamlaza mezani. Mimi nilishika miguu. Alitoa kitu kinene kama mkono wangu, kimejaa. Alikuwa anashona, na nakwambia kama fundi, alikuwa anashona vizuri, alipoacha ghafla akaweka sikio kifuani pa Kengele. Kisha akamaliza kushona hata hivyo, mpaka mwisho, akakata uzi. Nilimuuliza: ningekuja lini? Hakutaka kuandika. Nikamwekea chaki mkononi. Akaandika "Jumanne, labda", akafuta haraka.

Barua yako ndefu ilikuja siku kumi baadaye. Safari hii niliifungua papo hapo, na mezani kulikuwa na sketi.

Hujaja. Ijumaa nne zimepita.

Nitakwambia ninachokikasirikia ili usikae ukikisia. Sikasirikii mtihani. Mimi mwenyewe niliharibu nguo ngapi kabla sijaitwa fundi? Wala kufagia. Kazi inayokulisha huwezi kuicheka. Nakasirika kwa sababu nilikuuliza jambo moja tu mwaka mzima: lini? Ungeniandikia "sijui". Ni herufi tano. Ungeziandika mwezi wa pili, ningekwenda kwa anayejua, ningemwomba radhi kuhusu suruali zake, na Kengele angefungwa kizazi Jumamosi yoyote ile. Ulinipa pande mbili za suala, baba. Mimi ni mshonaji, nikipewa vipande viwili nataka kuambiwa viungane wapi.

Hilo ni lako. Sasa langu, ambalo sijamwambia mtu, hata Mama Mikate.

Telegramu ilifika Jumanne kama posta walivyokuahidi. Kengele ndiye aliyenivuta. Alikuwa hawezi kusimama sawasawa, akaja akiyumba, akauma pindo, akanivuta hatua mbili akalala, nami nikaenda mlangoni mwenyewe. Tarishi akanipa ile bahasha. Nikaisaini, nikaiweka kwenye kopo la vifungo, nikarudi kwenye blauzi. Kulikuwa na blauzi kumi na tisa zimebaki.

Utasema ni ile sheria yangu. Watu wote watasema hivyo na mimi nimewaachia waseme. Si sheria. Blauzi za shule ningeziweka kando. Si gauni la bi harusi. Katika maisha yangu, kabla ya hii, nilipokea telegramu mbili: ya mama yangu na ya mume wangu. Zote mbili zilikuwa za msiba. Kwa hiyo nilipoiona hii, na wewe uko mbali na hukuandika tangu yale maua, nilijua ni wewe. Nilijua umekufa. Nikasema moyoni, maadamu sijaifungua, bado yupo. Nikashona Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nilishona polepole, mimi ambaye blauzi tano kwa siku si kitu kwangu. Nilitamani shule ilete nyingine. Kengele alilala chini ya cherehani, karibu na mguu wangu, akinitazama, nikamwambia, "Nivumilie, mama, nikimaliza hizi tutakwenda." Nilidhani nina msiba mmoja wa kuogopa.

Jumamosi mchana blauzi zikaisha. Nikazikunja zote. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikafungua.

Nikasoma jina la Kengele. Nikasoma tena, nikatafuta jina lako kila mahali, halikuwemo. Na nilicheka, baba. Nilicheka kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba ni mbwa tu. Nilikaa pale sakafuni nikicheka na kulia sijui muda gani, kwa furaha, kabla sijakumbuka kusoma tena neno "leo".

Shangazi yako